Ishike Hivyo Hivyo

Chaja yangu ilikubali kufanya kazi katika pembe moja tu. Unaingiza pini, unairudisha nyuma kidogo kama unayetaka kuichomoa, unaiinamisha kuelekea dirishani, na kabla haijaghairi unasukuma Kamusi ya Kiswahili Sanifu chini ya waya. Nilikuwa nimejaribu vitabu vingine. Riwaya zilikuwa nyembamba. Biblia ilikuwa nene kupita kiasi, na isitoshe niliona aibu. Kamusi ilikuwa saizi yake hasa. Taa ndogo ubavuni mwa laptopu ikiwaka, natoa mkono polepole, kama mtu aliyemlaza mtoto msumbufu.

Niliishi hivyo miezi minne. Kama umewahi kuwa na laptopu ya mtumba, unayajua maisha haya. Hupigi chafya ovyo. Mgeni akija unamwomba akae upande ule, si huu, kwa sababu bedsita za Zimmerman ni ndogo na meza imebanana na kitanda. Jirani wa juu akiburura kiti, jicho lako linakimbilia taa. Betri yangu ilikuwa imekufa kitambo, kwa hivyo hakukuwa na msamaha. Pini ikicheza kidogo tu, skrini inakuwa giza papo hapo.

Kazi yangu ni kunukuu. Watu walio mbali hunitumia sauti zao, mahojiano, mikutano, wakati mwingine mahubiri, nami naandika kila neno walilosema. Nalipwa kwa dakika za sauti, si kwa dakika ninazokaa kitini, na hizo ni dakika tofauti kabisa. Sauti ya saa moja inaweza kunila saa nne. Wakiongea wote kwa pamoja, tano. Nyumbani Nakuru niliwaambia niko ofisini. Sikuwa nimedanganya sana. Ofisi ilikuwepo, ila ukinyoosha mguu unagusa sufuria.

Laptopu yenyewe ilinunuliwa na mathe. Alichukua mkopo wa chama, shilingi 28,000, akanikabidhi zikiwa zimefundikwa kwenye leso, akaniambia nisiwaambie ndugu zangu. Kabla ya kuja kwangu ilikuwa imefanya kazi Uingereza. Kibodi yake ina alama ya pauni pale juu ya tatu, alama ambayo sijawahi kuwa na sababu ya kuibonyeza. Kwa hivyo kila ilipozimika, sikuona laptopu tu. Nilimwona mathe akihesabu noti za mia mbili.

Siku iliyonimaliza ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na sauti ya dakika 47 na nilikuwa nimefika ya 41. Mlango ukagongwa, ni mama mboga ameniletea sukuma niliyoagiza. Nikainuka, goti likagusa mguu wa meza. Giza. Nikarudi, pini, kamusi, taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Nilijaribu kwa saa nzima. Mwishowe nikawa naishika kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia, herufi moja moja, kama kuku anayedonoa. Ndipo nikasikia harufu, ile ya sahani ya plastiki iliyosogezwa karibu na jiko. Nikagusa ncha ya chaja. Ikaniunguza kidole.

Mteja alingoja mpaka saa sita za usiku, akanipa nyota moja, kazi akampa mtu mwingine. Pesa hiyo ilikuwa ya kodi.

Kesho yake asubuhi nikashika mat hadi tao, nikaenda Luthuli Avenue. Luthuli ndiko Nairobi hupeleka vitu vyake kufufuliwa. Tangu barabara ile ifanyiwe ukarabati mwaka 2019 mtu anaweza kutembea bila kubanwa sana na magari, lakini spika za madukani bado zinashindana kila moja na wimbo wake. Nikaingia kwenye duka moja lililogawanywa vibanda kwa vioo, kila fundi na kaunta yake pana kama trei. Yule niliyempata alikuwa rika langu. Akaitikisa pini, akainua nyusi.

"Bodi imeenda, siste. Elfu nane."

"Sina elfu nane."

"Uko na ngapi?"

"Elfu moja mia tano."

Akafikiria. "Hiyo ni ya gundi."

Nitakuwa mkweli, hakunidanganya. Alinieleza kabisa kwamba hiyo ni ya kusukuma siku. Akaifungua, akamimina gundi kuzunguka tundu la chaja, akaipuliza, akaifunga. Ilikaa siku tisa.

Siku ya kumi nikampigia Baba.

Hapa lazima nieleze kitu. Baba ni fundi. Ana kibanda Bondeni, Nakuru, tangu kabla sijazaliwa, na nilikulia mle ndani, katikati ya redio zilizopasuliwa tumbo. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Mtoto yeyote aliyewahi kumshikia babake tochi anajua kwamba hakuna namna ya kuishika vizuri. "Mulika hapa. Si hapo, hapa! Unamulika mkono wangu, mkono wangu umeharibika?" Nilikuwa nikisinzia, mwanga unateremka taratibu mpaka kwenye magoti yake, naye ananiita: "Mama." Huniita Mama kwa sababu nimebeba jina la mamake.

Halafu mwaka 2015 mitambo ya analogi ikazimwa nchi nzima, watu wakahamia dijitali, na polepole zile TV zenye mgongo mkubwa zikaanza kuachwa kibandani. Mtu analeta, anaambiwa bei ya kutengeneza, anasema atarudi, harudi. Kufikia nilipomaliza fomu foo kibanda kilikuwa kama ghala la makaburi. Jioni moja Baba akaniambia, akiwa ameinama, kwamba ningependa angenifundisha, kwa sababu simu na kompyuta nazo ni waya tu. Nikamjibu kwamba siwezi kuzeeka nikinusa solda.

Hakusema kitu. Alipuliza mahali alipokuwa ametoka kuchomelea, akaendelea. Kitu hicho hatukukizungumzia tena. Simu zetu zikawa za dakika mbili: habari ya huko, poa, umekula, nimekula, haya ongea na mamako.

Kwa hivyo nilipompigia alishtuka.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu, Baba. Ni chaja inacheza."

"Inacheza wapi?"

"Kwa laptopu."

"Hilo si jibu. Inacheza kwenye waya, kwenye pini, ama kwenye tundu?"

Sikujua kwamba hayo ni maswali matatu. Akaniambia niazime chaja ya mtu mwingine, lakini kwanza nisome kibandiko, volti ziwe sawa na tundu liwe la aina moja, nisikisie. Yangu ilikuwa ya volti 19. Jirani wa pili alikuwa na kama hiyo. Nikaichomeka: taa ikawaka, ikazima.

"Basi waya hauna hatia," Baba akasema. "Sasa chomoa ukutani kabisa. Ingiza pini peke yake, uitikise polepole. Tundu linatembea pamoja nayo?"

Nikasogeza taa ya simu karibu. Lilitembea, pamoja na gundi yake. Lilikuwa kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Solda imepasuka kwa ndani. Na umekuwa ukiizuia na nini?"

"Kitabu."

"Kitabu gani?"

"Kamusi."

Kimya. Halafu: "Imewahi kuwa moto?"

Nikamwambia kuhusu kidole. Hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kibandani. Akanieleza kwamba umeme ukipita mahali palipobana vizuri haujitaabishi. Pakilegea, unalazimika kupenya kwenye kijinjia chembamba, na hapo ndipo joto linapozaliwa. Joto linalainisha plastiki, plastiki ikilainika tundu linalegea zaidi, likilegea joto linaongezeka. Chaja kama yangu ni ya wati 65, inasukuma zaidi ya ampea tatu. Volti 19 hazitakurusha, akasema, lakini ampea tatu zikikosa njia zinaweza kuchoma meza, na meza yako si imebanana na kitanda? Sijui alijuaje. Nilikuwa nimemwambia niko ofisini.

"Usilale na kitu hicho kimechomekwa," akasema. "Kuja nyumbani."

Nilifika Jumamosi saa tano. Mathe alikuwa amepika chai na mandazi. Alimimina kikombe changu kikajaa, chake kikajaa, cha Baba akakiacha nusu. Kilikuwa kikombe kikubwa cha bati, kizito, si kile chake cha siku zote. Akakisukuma mpaka kikagusa mkono wake. Baba akakishika kwa mikono miwili na kukiinamia badala ya kukiinua. Mathe alikuwa akinisimulia habari za chama wakati huo wote, bila kukatiza, na nilielewa baadaye kwamba kuongea kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Niliona na mambo mengine. Ndevu zake zilikuwa zimenyolewa na mtu mwingine. Baba huacha kidogo chini ya kidevu, hakikuwepo. Sahani yake ilikuwa na kitambaa chini ili isiteleze. Hakuna aliyesema lolote. Miezi mitatu kabla ya hapo mathe aliniambia kwa simu kwamba mikono ya Baba inasumbuliwa na baridi ya Nakuru, nikasema pole, nikarudi kwenye sauti zangu.

Kibandani rafu ya juu ilikuwa imejaa redio, zote zimebandikwa karatasi zenye majina ya wenyewe. Nikadhani ni wale wateja wasiorudi. Nikasoma karatasi moja: ilikuwa ya wiki mbili zilizopita. Wateja walikuwepo.

Baba akatandaza gazeti kuukuu, akachomeka solda ipate moto, akavuta kiti chake. Halafu akanionyesha nikikalie.

"Leo wewe ndiye utashika solda. Mimi nitamulika."

"Baba, mimi siwezi."

"Nani alikuuliza?"

Tukaanza. Kabla ya bisibisi kugusa chochote alinifanya nichore laptopu kwenye karatasi na kutoboa matundu pale skrubu zilipo, kila skrubu inayotoka inachomekwa mahali pake, kwa sababu hazilingani urefu, na ukirudisha ndefu penye fupi inaweza kutoboa bodi. Nikapitisha kadi ya benki iliyokwisha muda pembeni mpaka kifuniko kikaachia. Cha kwanza kuchomolewa ndani ni betri, hata kama unaamini imekufa. "Iliyokufa kwa kazi haijafa kwa kuunguza," akasema. Halafu tukaliona tundu la chaja, limezama ndani ya gundi.

"Nani alimwaga uji hapa?"

Nilicheka mpaka nikaweka bisibisi chini. Naye akacheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu fomu foo.

Ilituchukua karibu saa nzima kuikwangua gundi. Chini yake, kwenye mguu mmoja wa tundu, kulikuwa na mduara mweusi mwembamba kuliko unywele, umezunguka solda yote. Huo ndio ulikuwa ufa. Miezi minne ya kamusi, kodi iliyochelewa, nyota moja ya mteja, vyote vilitoka kwenye mduara ule. Bodi ilikuwa nzima. Kila nilipoiinamisha pini kuelekea dirishani nilikuwa nikiubana ufa ujifunge kidogo, na wakati huo huo nikiupanua.

"Sasa," Baba akasema, akawasha tochi.

Mwanga ukaruka. Ukagusa bodi, ukaenda ukutani, ukarudi kwenye kidole changu, ukaenda tena. Akashika kifundo cha mkono mmoja kwa mkono wa pili. Mikono yote miwili ikawa inatetemeka pamoja. Nikangoja. Ulimi wangu ulikuwa na yale maneno tayari, mulika hapa, si hapo, na nikajua kwamba nikiyasema kama mzaha yatatoka kama kitu kingine. Sikusema kitu. Baba akanyosha mkono hadi kwenye rafu, akachukua mkebe wa skrubu, akaulaza tochi juu yake, akausogeza mpaka mwanga ukatulia pale penye ufa.

Nikautazama ule mkebe. Ulikuwa na alama za mikwaruzo mahali tochi inapokaa. Haukuwa umeanza kazi hiyo leo.

"Chovya ncha kwenye sponji yenye maji," akasema. "Paka flaksi. Usiyeyushie solda kwenye ncha uje kuimwaga, hiyo ni kazi ya gundi. Gusa mguu na bodi kwa pamoja, hesabu mbili, tatu, halafu leta waya wa solda upande wa pili. Solda hufuata moto. Mahali pakiwa pamepata moto, itakimbia yenyewe."

Mguu wa kwanza haukukimbia. Solda ilikaa juu kama tone la maji kwenye mafuta, kijivu, imekunjamana. Akaniambia mguu huo ni wa hasi, umeungana na shaba pana ya bodi nzima, shaba inanyonya joto, kwa hivyo unataka subira kuliko ule mwingine. Lakini si subira ya kulala, ukikawia sana shaba inabanduka na hapo ndipo utakapomtafuta yule wako wa elfu nane. Nikarudia. Nikahesabu. Na nikaiona solda ikibadilika, ikawa kama zebaki, ikateremka kuzunguka mguu na kutulia, inang'aa, mfano wa kichuguu kidogo.

"Toa mkono. Usipulize."

"Wewe ulikuwa ukipuliza."

"Nilikuwa nikipuliza nikiwa na hasira."

Tukamaliza miguu yote. Akachukua mita, akanielekeza nipime kama chanya na hasi zimegusana kabla ya kuchomeka kitu chochote ukutani. Hazikugusana. Tukarudisha betri, kifuniko, skrubu moja moja kutoka kwenye ramani yangu. Nikachomeka chaja. Taa ikawaka. Baba akaishika pini kwa vidole vyake, vile vile vilivyo, na kutetemeka kwake kote kukaingia kwenye waya. Kila pembe ambayo chaja ile iliwahi kuikataa, aliipitia kwa sekunde tano.

Taa haikuyumba.

"Haichezi," akasema.

Ndipo nikamuuliza. Nilimuuliza nikiwa natazama laptopu, si yeye. "Baba, mikono ilianza lini?"

Hakujibu haraka. Nje kuna mtu alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma na moshi ulikuwa unaingia.

"Mwaka jana, mwezi wa nane. Wa kulia kwanza."

"Umeenda hospitali?"

"Nitaambiwa nini?"

"Sijui. Lakini mimi ningekuambia bodi imeenda, na haikuwa bodi."

Akatikisa kichwa, nusu ya kucheka. Akauliza laptopu hii naifanyia nini hasa, maana ofisi gani inamwacha mtu na chaja mbovu miezi minne. Nikamwambia ukweli wote: bedsita, dakika za sauti, nyota moja, kodi. Nikamwambia hakuna ofisi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali la fundi.

"Na wanalipa?"

"Wengine."

"Basi umeshakuwa fundi. Fundi ni mtu anayedaiwa kazi na kudai pesa."

Sikurudi Nairobi Jumapili kama nilivyopanga. Jumatatu tulienda hospitali sisi watatu. Mathe alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na njia nzima hakusema hata neno moja kuhusu baridi. Foleni ilianza kabla hatujafika. Daktari alimfanya Baba atembee kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, agongeshe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, achore duara kwenye karatasi. Duara lilitoka kama la mtoto. Daktari akaandika, akatupa barua ya kwenda kwa mwingine mwenye ujuzi zaidi, akasema kuna vipimo, na kwamba ilifaa tungekuja mapema. Baba akaikunja barua mara nne akaitia mfuko wa shati, pale anapowekaga bisibisi ndogo.

Sina mwisho mzuri wa kukuletea. Vipimo vinaendelea. Siku nyingine mikono imetulia, siku nyingine hapana. Ila sasa mambo yanasemwa. Mathe hunitumia ujumbe wa sauti, leo ameinua kikombe mwenyewe, leo ameshindwa na vifungo. Nazisikiliza mara mbili mbili, kwa mazoea ya kazi. Na kila mwisho wa mwezi nashuka Nakuru, tunateremsha redio mbili tatu kutoka rafu ya juu, mimi nashika solda na yeye anasema. Wenye redio wameanza kurudi. Mmoja aliniita fundi, nikageuka kumtazama Baba, kumbe aliitwa mimi.

Kamusi nimeirudisha kwenye rafu. Uti wake umebonyea pale waya ulipokuwa ukilalia, na ukiiangusha mezani inajifungua yenyewe kwenye herufi M. Na wewe unayesoma haya huku umeshika chaja yako kwa mkono mmoja, ichomoe. Gusa ncha. Kama ni moto, usiitafutie kitabu.